JDK 25 kwa sisi tuliorithi wait na notify

JDK 25, kifurushi cha kuandikia na kuendeshea programu za lugha ya Java, ilipotoka Septemba 2025 wengi walikimbilia kusifia vilivyo vipya. Mimi nimeipakua kwa sababu ya kitu kikongwe kuliko nusu ya vijana ninaofanya nao kazi: wait() na notify(), zile methodi (amri) za kulaza na kuamsha ambazo kila objekti (kitu ndani ya programu) ya Java inazo tangu toleo la kwanza la mwaka 1996. Mfumo ninaoutunza hapa Dar es Salaam unawatumia wanachama wa SACCOS ujumbe wa simu kila wanaponunua hisa, kurejesha mkopo au kuuliza salio. Katikati yake kuna foleni iliyoandikwa enzi za Java 6. Thredi, yaani nyuzi za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, za upande mmoja zinapokea maombi na kuyapanga, za upande wa pili zinayatoa na kuyasukuma kwa mtoa huduma wa simu, na yoyote isiyo na la kufanya inalala mpaka iamshwe. Aliyeiandika hayupo, nyaraka hakuacha, na kazi inaendelea kutegemea foleni hiyo hiyo. Kwa hiyo tathmini hii haimlengi anayeanza mradi mpya. Inatulenga sisi tuliokuta kazi imeshafanywa na tunatakiwa isife mikononi mwetu.

JDK ninayotumia ni Temurin, ile inayotolewa na Adoptium, kwenye seva za Ubuntu. Haidai hela wala kujisajili. Oracle nao wana ya kwao yenye masharti yake ya leseni, na wanaoitumia kazini wayasome kabla ya kubonyeza kitu. Kuifunga hakuna la kusimulia: unapakua, unafungua, unabadilisha JAVA_HOME (inayoonyesha JDK ilipo), unawasha huduma upya.

Nianze na chombo chenyewe, maana kuna wanaokitumia miaka bila kujua kinachotokea ndani. Foleni yetu, ukiondoa mapambo, iko hivi:

```java
synchronized void weka(Ujumbe u) throws InterruptedException {
    while (foleni.size() == kikomo) wait();
    foleni.add(u);
    notifyAll();
}

synchronized Ujumbe toa() throws InterruptedException {
    while (foleni.isEmpty()) wait();
    Ujumbe u = foleni.remove();
    notifyAll();
    return u;
}
```

Kila objekti ina kufuli lake, na pia ina orodha ya thredi zinazoisubiri. Thredi inayoingia kwenye methodi ya synchronized inashika kufuli, na nyingine haziingii mpaka liachiwe. Ikikuta foleni tupu inaita wait(), na hapo mambo mawili yanafanyika kwa pamoja: inaachia kufuli na inaingia kwenye orodha ya wanaosubiri. Kengele ya kuwaamsha ni notify(), inayomwamsha mmoja, au notifyAll(), inayowaamsha wote. Hilo la pamoja ndilo lenye thamani. Kama kungekuwa na upenyo kati ya kuachia na kulala, mwingine angeweka ujumbe na kupiga kengele ndani ya upenyo huo, na thredi yetu ingelala baada ya kengele kupita. Ndiyo maana Java inakulazimisha uwe umeshika kufuli kabla ya kuita wait() au notify(). Usipolishika unatupiwa IllegalMonitorStateException, ambayo siku hizi inakuja na maelezo mafupi kwamba thredi hii si mwenye kufuli. Zamani ilikuja kavu bila neno lolote.

Sasa hiyo while, inayomfanya aliyeamka akague hali tena kabla ya kuendelea, wakati if hukagua mara moja tu. Kuna watu bado wanaandika if, na msimbo wao unapita majaribio yote. Asili ya jambo hili ni ya miaka ya 1970. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, kwenye pendekezo lake la mwaka 1974, alitaka anayeamsha amkabidhi aliyeamshwa kufuli papo hapo, ili akute hali ni ile ile aliyoitiwa. Watu wa lugha ya Mesa kule Xerox wakachukua njia nyepesi: kuamshwa ni kudokezwa tu kwamba huenda mambo yamebadilika, nawe ugombee kufuli kama wengine. Java ilifuata Mesa. Ni kama konda akikuita kituoni kwamba kiti kipo, ukifika mlangoni unakuta mwenzako aliyetokea upande wa pili ameshakaa. Unarudi kusubiri gari jingine, hupandi ukakaa mapajani mwa mtu. Mwenye if anakaa mapajani. Zaidi ya hapo, maelezo rasmi ya Java yenyewe yanakiri kwamba thredi inaweza kuamka bila kuamshwa na yeyote. Ni mara chache sana, lakini wamekutahadharisha kwa maandishi.

Nilipoukuta msimbo huu, while zilikuwepo. Sifa zimwendee aliyeandika. Tatizo lilikuwa mwishoni: badala ya notifyAll() palikuwa na notify(), na mfumo ulikuwa na tabia ya kuganda wakati wa mzigo mkubwa, mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Hakuna kosa kwenye logi, CPU imetulia kabisa, ujumbe hauendi. Dawa iliyokuwa imezoeleka ofisini ilikuwa kuwasha upya.

Fuateni pole pole, maana kosa hili ni zuri kwa ubaya wake. Chukulia kikomo ni ujumbe mmoja tu, ili ionekane vizuri. Watumaji T1 na T2 wamelala, foleni tupu. Mpokeaji P1 anaweka ujumbe, anaita notify(), T1 anaamshwa lakini bado hajapata kufuli. P1 anawahi tena na ujumbe mwingine, anakuta foleni imejaa, analala. P2 naye anakuja, imejaa, analala. Orodha ya wanaosubiri sasa ina T2, P1 na P2, wote kwenye objekti moja, ingawa wanasubiri vitu tofauti. T1 anapata kufuli, anatoa ujumbe, anaita notify(). Anayestahili kuamshwa ni P1 au P2, kwa kuwa nafasi imepatikana. Lakini notify() haijui nani anasubiri nini. Maelezo rasmi yanasema uchaguzi ni wa holela, na HotSpot, injini ya JDK inayoendesha programu, kwa kawaida humchukua aliyetangulia kulala, ambaye ni T2. T2 anaamka, anakuta foleni tupu, anarudi kulala bila kumwamsha mtu. T1 anarudi kuchukua mwingine, hakuna, analala. Hesabu: T1, T2, P1, P2, wote usingizini, nafasi ipo, kazi ipo, na hakuna aliyebaki macho wa kupiga kengele.

Kwa kikomo kikubwa zaidi inachukua mzigo zaidi kufika hapo, lakini inafika. notifyAll() inaliondoa tatizo hili kwa kuamsha kila mtu na kuwaacha wajikague wenyewe. Ina gharama yake, nitaifikia.

Hapa ndipo vyombo vinavyokuja na JDK vinapojipatia alama kwangu. Amri ya jcmd na namba ya mchakato, ikifuatiwa na Thread.print, inakupa picha ya thredi zote wakati huo huo bila kuzima huduma. Ilivyoonekana kwetu mfumo ukiwa umeganda:

```
"tuma-3" ... in Object.wait()
   java.lang.Thread.State: WAITING (on object monitor)
        at java.lang.Object.wait0(Native Method)
        - waiting on <0x...> (a FoleniYaUjumbe)
```

Zote za tuma ziko hivyo, zote za pokea ziko hivyo, anwani ya objekti ni ile ile kwa wote. Ukiona wapokeaji na watumaji wote ni WAITING kwenye objekti moja, huna haja ya kuita kikao. Kama ingekuwa BLOCKED, hiyo ni hadithi nyingine: thredi inagombea kufuli lililoshikwa na mwingine, na jcmd itakuonyesha aliyelishika. Na kama thredi mbili zimeshikana makufuli kwa kuzungukana, JDK inalitambua na kuandika chini kabisa kwamba imekuta mkwamo. Huu wetu haiwezi kuutambua, kwa sababu kwa macho yake thredi zinasubiri kwa amani. Nisingeitegemea kamwe inijulishe notify iliyopotea.

Haya yote lakini yangewezekana hata kwenye JDK 8. Kilichonifanya nihame ni thredi pepe.

Thredi pepe ziliingia rasmi JDK 21, Septemba 2023. Badala ya kila thredi ya Java kubeba thredi nzima ya mfumo wa uendeshaji, unaweza kuwa na maelfu kwa maelfu ambazo zinapanda kwenye thredi chache za mfumo zinapokuwa na kazi, na zinashuka zinaposubiri. Kwa mfumo kama wetu, ambao muda mwingi unasubiri mtoa huduma wa simu ajibu, hili ni neema. Isipokuwa kwamba JDK 21 ilikuwa na kasoro moja iliyotugusa sisi moja kwa moja: thredi pepe iliyo ndani ya synchronized haikuweza kushuka. Na wait() lazima iitwe ndani ya synchronized. Kwa hiyo thredi pepe iliyolala kwenye wait() ililala na thredi ya mfumo iliyoibeba.

Watengenezaji wa Java walilijua hilo na wakaweka kiraka. Kila wait() ilipokamata thredi ya mfumo, mpangaji wa thredi aliruhusiwa kuongeza nyingine ya kufidia, hadi jumla ya 256 kama hujabadilisha mpangilio. Ikipita hapo, basi. Nilijaribu kwa programu ndogo: thredi pepe elfu kumi, zote zinaita wait() kwenye objekti moja, kisha thredi pepe moja ya mwisho inaita notifyAll(). Kwenye JDK 21 programu inasimama. Zile za mwanzo zimeshika thredi zote za mfumo zinazoruhusiwa, na ile ya kuamsha haipati hata nafasi ya kuanza. Kwenye JDK 25 programu hiyo hiyo, bila kubadilisha herufi, inamaliza kabla hujanyanyua mkono kwenye kibodi.

Halikuwa tatizo la darasani tu. Wahandisi wa Netflix walieleza Julai 2024 jinsi huduma zao kwenye Java 21 zilivyokuwa zikiganda: thredi pepe chache zikisubiri kufuli zikiwa ndani ya synchronized zilimaliza thredi zote za mfumo, na ile iliyokuwa zamu yake kupata kufuli ikakosa pa kupanda. Ushauri wa wakati ule ulikuwa kubadilisha synchronized zote kuwa ReentrantLock, kufuli la aina nyingine lisilo na kasoro hiyo. Rahisi kusema. Kwenye msimbo wako utabadilisha. Kwenye maktaba za watu wengine zilizofungwa ndani ya jar (faili la msimbo uliokwisha kukompailiwa) utafanyaje?

Suluhisho lilikuja kwenye JDK 24, Machi 2025, kwa pendekezo linalojulikana kwa namba 491. Waliandika upya jinsi mashine ya Java inavyotunza makufuli ya objekti, kiasi kwamba mmiliki wa kufuli ni thredi pepe yenyewe badala ya ile iliyoibeba. Thredi pepe sasa inaingia synchronized, inaita wait(), inashuka, na ikiamshwa inapanda popote penye nafasi. JDK 24 haikuwa ya kukaa nayo muda mrefu, kwa hiyo kwa watu wa ofisi kama mimi JDK 25 ndiyo ya kwanza ya msaada wa muda mrefu yenye marekebisho haya. Hiyo peke yake imetosha kunihamisha kutoka 21. Foleni sijaigusa kwa ajili ya kuhama, na thredi za kutuma sasa ni pepe.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujafuata nyayo. Kwanza, kama ulikuwa unatumia kile kiswichi cha jdk.tracePinnedThreads kusaka thredi zilizokwama, kimeondolewa tangu JDK 24. Tumia tukio la jdk.VirtualThreadPinned kwenye JFR, rekoda ya matukio inayokuja na JDK, ambalo bado lina kazi kwa sababu msimbo wa asili (wa lugha kama C) unaoitwa kupitia daraja la JNI bado unaweza kuikwamisha thredi pepe. Pili, Thread.print haikuonyeshi thredi pepe zilizolala. Unahitaji Thread.dump_to_file, na ukitaka kuichambua kwa programu unaiomba kwa JSON. Mzee wetu wa operesheni alishtuka alipokuta picha haina thredi za kutuma hata moja, akadhani mfumo umekufa.

Na ile gharama ya notifyAll() haijaondoka. Elfu kumi zikiamshwa kwa wakati mmoja, zote zinagombea kufuli moja, zinapita moja moja, na kwenye foleni yenye ujumbe mmoja zote isipokuwa moja zinarudi kulala. Thredi pepe zimefanya kulala kuwe rahisi. Kugombea mlango kumebaki vile vile. Kwetu watumaji ni wachache kwa sababu mtoa huduma mwenyewe ana ukomo wa ujumbe kwa sekunde, kwa hiyo hainiumizi.

Kama unaanza upya, usiandike foleni hii. Tangu Java 5 ya mwaka 2004 kuna maktaba ya java.util.concurrent, kazi iliyoongozwa na Doug Lea, na ndani yake ArrayBlockingQueue inafanya yote niliyoonyesha juu kwa methodi mbili, put na take. Ndani yake ina kufuli moja na orodha mbili za kusubiri, moja ya wanaongoja nafasi na moja ya wanaongoja kitu, ndiyo maana inaweza kumwamsha mmoja tu bila kumkosea. Ukihitaji kujitengenezea mwenyewe, Condition inakupa orodha hizo mbili kwa await() na signal(). Ila angalia mtego huu, nimeuona kwenye msimbo wa kijana mmoja mwerevu: Condition nayo ni objekti, kwa hiyo nayo imerithi wait() na notify(). Anayeandika haraka anaandika nafasi.wait() badala ya nafasi.await(), kompaila inanyamaza, na kosa unalikuta programu ikiwa inakimbia. Hii ndiyo bei ya uamuzi wa 1996 wa kuipa kila objekti methodi hizi, hadi kamba za maandishi na namba. Waliobuni lugha ya Kotlin walizificha; aina yao ya Any haina wait(), na ukiitaka lazima uigeuze kuwa java.lang.Object kwa mkono. Sijasikia mtu akilalamika.

Lalamiko langu kubwa zaidi ni dogo kwa sura. Tuna sehemu inayosubiri jibu la uthibitisho kutoka kwa mtoa huduma, na haiwezi kusubiri milele, kwa hiyo inaita wait(30000). Methodi hiyo hairudishi chochote. Ikirudi, hujui kama umeamshwa, muda umeisha, au umeamka bila sababu. Ukiiweka ndani ya while kama inavyotakiwa, kila kuamka kwa bure kunaanzisha sekunde thelathini upya, kwa hiyo inabidi upige hesabu mwenyewe kwa System.nanoTime():

```java
long mwisho = System.nanoTime() + 30_000_000_000L;
while (!limejibiwa) {
    long baki = (mwisho - System.nanoTime()) / 1_000_000;
    if (baki <= 0) return false;
    wait(baki);
}
return true;
```

Ule mstari wa if si wa hiari. Hesabu ikikuletea sifuri halafu ukaipeleka kwenye wait(0), Java haielewi kwamba muda umekwisha. Inaelewa usubiri bila kikomo. Sifuri ya milele! Kulinganisha, await ya Condition yenye muda inakurudishia kweli au uongo, na awaitNanos inakwambia umebakiwa na muda kiasi gani. Miaka ipatayo thelathini na hii bado iko vile vile, na sitegemei waiguse, maana kuna mifumo mingi huko nje inayoitegemea ilivyo.

Aliye kwenye JDK 17 na hana mpango na thredi pepe, kwa upande huu hakuna kitu cha kumharakisha. Aliye kwenye 21 na amewasha thredi pepe huku akiwa na synchronized za kurithi, ahame wiki hii. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuia kwa sababu ya wait(0).